Kosa la volti katika nyaya ndefu
Kosa la volti katika nyaya ndefu ni tofauti kati ya volti inayotolewa na kihisi na ile inayosomwa upande wa pili. Kihisi husingiziwa ubovu, ilhali mara nyingi tatizo ni waya wa hasi unaobeba ishara pamoja na umeme wa kukiendesha. Mita 100 za waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 zina ukinzani wa takriban omu 3.5; mkondo wa miliampea 20 ukirudi humo, usomaji hupanda kwa volti 0.07. Fundi hupima ncha zote mbili kifaa kikiwa kinafanya kazi. Usomaji ukirukaruka, zishukiwe nyaya za mota zilizo jirani. Ishara hupewa waya wake wa kurudi, au hutumwa kama mkondo wa miliampea 4 hadi 20, usiopungua njiani. Mkondo huo ukisomeka sifuri, huenda waya umekatika.