Makapi ya Mkonge na Paa la Mkulima

Zao la mkonge katika nchi yetu lilianzia Pangani. Dakta Richard Hindorf, mtumishi wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa mwaka 1893 huko Kikokwe, kusini ya mto, upande ule ule wa Mwera na Ushongo. Habari hii hurudiwa sana. Isiyosemwa ni kwamba tangu mwanzo biashara hiyo ilijengwa juu ya kutupa.

Nyuzi hazizidi sehemu 5 kati ya 100 za uzito wa jani. Korona hukwangua jani, singa huanikwa, na kilichobaki, yaani maji ya jani, nyama yake na nyuzi fupi zilizoponyoka, husombwa kwenda mferejini na mara nyingi mtoni. Kwa hesabu ya bepari hapakuwa na kosa. Ardhi aliipata kwa mabavu, manamba aliwalipa ujira wa kudhalilisha, na mto haukumdai kitu. Kisichouzika Ulaya hakikuhesabiwa.

Wakati huo huo mwananchi wa pwani aliezeka makuti juu ya boriti za mikoko. Mwenye uwezo alijenga kwa mawe na chokaa ya matumbawe, na kila tanuru la chokaa lilikula sehemu ya mwamba wanamozaliana samaki. Saruji ilipokuja ikaitwa udongo wa Ulaya. Mwaka 1977, akipima miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilirudia jina hilo alipowalaumu wananchi kwa utumwa wao kwa saruji na bati. Lawama ilikuwa ya haki, ingawa mkulima aliyeona makuti yake yakivuja kila masika naye alikuwa na hoja.

Mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa. Mwenye mali alibadilika, lakini mfereji wa korona uliendelea kumwaga kama zamani. Ilihitajiwa shida ya fedha za kigeni, iliyozidi baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ili swali lijitokeze wazi: kwa nini tuagize bati ilhali nyuzi tunazitupa?

Watafiti wa Tanzania na Sweden walikuwa wamekwisha anza kulijibu. Walichanganya nyuzi za mkonge na saruji na mchanga, wakafinyanga mabamba ya kuezekea. Bamba jipya lilikuwa imara. Lakini baada ya kupigwa na jua na mvua kwa muda lilipasuka kama kigae cha chungu. Hans-Erik Gram alieleza sababu mwaka 1983: magadi yaliyomo katika saruji huyeyusha gundi inayoshika chembe za uzi, na uzi hukatika-katika. Saruji ilikuwa inamla mshirika wake.

Dawa iliyopatikana inastahili kutafakariwa. Sehemu ya saruji iliondolewa, mahali pake pakatiwa vumbi laini la silika, ambalo ni taka ya matanuru ya kuyeyushia silikoni. Ukali wa magadi ulipungua na uzi ukadumu zaidi. Taka ya kiwanda kimoja ilitibiwa kwa taka ya kiwanda kingine. Sisi hatuna matanuru hayo. Lakini jivu la pumba za mpunga, likichomwa kwa moto unaodhibitiwa, hufanya kazi ya namna hiyo hiyo, na pumba zimelundikana kwenye kila mashine ya kukoboa. Ugumu uko katika neno "unaodhibitiwa". Jivu la jikoni halitoshi, na kijiji hakiwezi kulipima peke yake. Panatakiwa fundi, tanuru na ushirika wa kudumu baina ya kiwanda na wanakijiji.

Ushirika huo haukuenea. Mwaka 2007, huko Hale, katika bonde la mto huo huo wa Pangani, makapi ya korona yalianza kutoa gesi ya kuzalisha umeme. Gesi ilikuwa kazi rahisi zaidi, maana haitakiwi kustahimili masika ishirini juu ya nyumba ya mtu.