Ugonjwa sugu wa utumbo: kwa nini dawa mbili kwa pamoja?

Katika ugonjwa wa Crohn na ule wa vidonda vya utumbo mpana, yaani kolitisi, kinga ya mwili hushambulia utumbo wenyewe. Mgonjwa huharisha, mara nyingine damu, na hukonda. Dawa za kibayolojia huziba njia moja ya uvimbe huo, lakini kwa wengine hazifui dafu. Ndipo madaktari walipofikiria kuziba njia mbili.

Mfano tunaouona kuwa bora ni utafiti wa VEGA, uliochapishwa mwaka 2023, wa watu 214 wenye kolitisi. Golimumab huzuia protini ya TNF, guselkumab huzuia interleukini-23. Baada ya wiki 12, asilimia 83 ya waliopewa zote mbili walipata nafuu, dhidi ya 75 kwa guselkumab pekee na 61 kwa golimumab pekee. Tusidanganyane, 83 na 75 haziachani sana. Pengo lilionekana kwa waliotulia kabisa: 37 dhidi ya 21 na 22.

Baada ya hapo kundi la dawa mbili liliendelea na guselkumab tu. Hofu ni maambukizi: dawa za kuzuia TNF zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, hivyo mgonjwa hupimwa kabla ya sindano ya kwanza.