Njia ya pwani ilivyoishia getini

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mtu wa Unyamwezi aliyetaka kuiona bahari aliifuata kwa miguu. Alijitwika pembe ya ndovu au mzigo mwingine wa kilo 30 hivi, akapita Tura, akavuka Mgunda Mkali, akakata Ugogo ambako watemi walidai hongo ya maji na ya njia, akateremka Mpwapwa, na baada ya miezi miwili au mitatu akaingia Bagamoyo. Njia yenyewe haikuishia mjini. Ilipita kati ya nyumba za mawe na vibanda vya makuti, ikashuka hadi mchangani ambako majahazi yalingoja kuvusha pembe kwenda Unguja.

Igunga, kwetu huku mkoani Tabora, haikuwa juu ya njia hiyo kuu, ila ilikuwa jirani yake. Msafiri Henry Morton Stanley, aliyeondoka Bagamoyo Novemba 1874, aliiacha njia ya Tabora alipofika Ugogo, akapanda kupitia Ituru na Iramba kuelekea Usukuma. Watu wake wakavuka mbuga za Wembere wakiwa wamebeba mashua, Lady Alice, iliyogawanywa vipande vipande, na Februari 1875 wakaifikisha Ziwa Victoria. Mbuga tunayoijua kwa ng'ombe, pamba na tope la masika ilipitiwa na mashua kabla haijapitiwa na gari.

Wageni walioishi Unyamwezi karne ya 19 waliandika kwamba kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto. Wavulana walifuatana na wakubwa wao wakibeba vitu vidogo vidogo ili waizoee njia. Kwa hiyo bahari, ingawa iko mbali, ilikuwa sehemu ya malezi ya watu wa huku.

Ndiyo sababu naliona suala la fukwe kuzibwa kwa kuta na mageti kuwa letu pia. Magazetini huachiwa mkazi wa Oysterbay jijini Dar es Salaam, mwenye hoteli na mvuvi wa Kunduchi, kana kwamba pwani ni ya walio jirani nayo tu. Lakini geti la ufukweni humuumiza kwanza aliyetoka mbali. Mwenyeji anajua uchochoro gani bado unapita na mlinzi gani ni mtu wa kuzungumza naye. Mtu wa Igunga aliyepanda basi kumpeleka mgonjwa hospitali ya Muhimbili, au kumsindikiza mwanawe chuoni, ana alasiri moja ya kuwaonyesha watoto bahari. Akikuta ukuta, anageuza.

Turudi Bagamoyo. Wakati wa kiangazi misafara ilipoteremka, wapagazi kwa maelfu walipiga kambi ndani na kandokando ya mji. Walikaa wiki kadhaa wakisubiri pembe ziuzwe, wakinunua nguo za merikani na kaniki, shanga na nyaya, na wengine wakitafuta mzigo wa kurudi nao kabla ya mvua za kupanda. Mji uliwahitaji, hata pale ulipowaogopa kwa wingi wao. Majumbe wa Kishomvi, viongozi wa wenyeji wa mji, walikuwa na ada zao, na wafanyabiashara kama Sewa Haji walitajirika kwa kukusanya wapagazi na kuandaa misafara.

Tusiipambe historia hiyo. Mchanga huohuo ulikanyagwa na watumwa waliokuwa wakipelekwa ng'ambo, hadi mkataba wa Sultani Barghash wa Zanzibar na Waingereza mwaka 1873 ulipopiga marufuku kuwasafirisha baharini, na hata baada ya hapo magendo yaliendelea. Ufukwe ulio wazi haukuwa ufukwe wa haki kwa wote. Hata hivyo haukuwa kiwanja cha mtu. Jumbe alidai ada kwa biashara iliyopita kwake. Hakuuzungushia mchanga ua akasema maji yaliyo mbele ya nyumba yangu ni yangu.

Wazo hilo la kuuzungushia mchanga ua lilikuja na karatasi. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani, ikiwa na mkataba na Sultani Khalifa, ilianza kushika utawala wa mwambao. Pamoja na ushuru wa forodha, ilitaka watu waandikishe ardhi zao na kuthibitisha umiliki. Mwambao ukawaka moto. Abushiri bin Salim aliongoza vita kutoka Pangani, Bagamoyo ikapigwa mizinga, naye akanyongwa Desemba 1889. Mwaka uliofuata Ujerumani ilimlipa Sultani marki milioni 4 kwa mwambao wote, na kwa amri ya mwaka 1895 ikatangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe wa kuthibitika ni mali ya dola. Waingereza nao, kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1923, wakaiita ardhi yote ya Tanganyika ardhi ya umma chini ya mamlaka ya gavana. Kuanzia hapo swali la nani anaruhusiwa kukaa kando ya bahari likahamia ofisini, kwenye ramani.

Na ramani za Dar es Salaam zilichorwa kwa rangi ya ngozi. Mji uligawanywa kanda: Wazungu upande wa upepo wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na kwingineko. Oysterbay ilipangwa chini ya Waingereza kuwa makazi ya maofisa wao, yenye viwanja vikubwa, nyumba zilizojitenga, ukoka uliokatwa vizuri na ua wa michongoma. Bustani ilikuwa sehemu ya ubaguzi huo. Ilipendeza macho, na wakati huohuo ilimwambia mpita njia kwamba hapa si kwake, bila haja ya askari.

Lakini waliopanga Oysterbay walifanya jambo moja ambalo nadhani hawakulifanya kwa ajili yetu, na ambalo limetufaa kuliko sheria nyingi. Walipitisha barabara kati ya nyumba na bahari. Leo inaitwa Toure Drive. Nyumba ziko upande mmoja wa lami, mchanga uko upande wa pili, na hakuna mwenye nyumba anayeweza kusogeza bustani yake hadi majini bila kuikata barabara. Ng'ambo ya barabara hiyo ndipo ilipo Coco Beach, ambako Jumapili na sikukuu za Idi watu hula mihogo ya kukaanga na mishikaki, watoto huogelea, na hakuna anayeulizwa ametoka mkoa gani.

Nenda kaskazini, Mbezi Beach na Kunduchi, uone tofauti. Huko barabara zinapita nyuma ya viwanja, na viwanja vyenyewe vinateremka hadi ufukweni. Baada ya uhuru serikali yenyewe ilianza kujenga hoteli kubwa upande huo, Kunduchi na jirani zake, na mwaka 1970 wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha gazetini mjadala mkali kama utalii unafaa katika nchi ya ujamaa. Issa Shivji aliukusanya mjadala huo katika kitabu mwaka 1973. Walihoji mengi ya maana kuhusu fedha za kigeni na utegemezi. Ilipofika miaka ya 1980 na 1990, viwanja vya ufukweni vilikuwa vimekuwa mali ya kugombewa, na hoja ya mtu wa kawaida atapitia wapi kwenda kuoga haikuwa na mtetezi.

Bahari nayo ikajibu kwa namna yake. Mchanga wa mito inayoingia upande huo ulichimbwa kwa ajili ya ujenzi wa jiji lilelile, ufukwe ukakosa wa kuufidia, mawimbi yakala ardhi. Hoteli ya Africana ilishindwa ikaachwa. Waliobaki wakajenga kuta na kupanga mawe kuingia majini kulinda viwanja vyao, na mara nyingi jiwe linalookoa kiwanja kimoja humhamishia jirani mmomonyoko. Yule anayepita kwa miguu ndiye aliyepoteza mara mbili: ufukwe umepungua upana, na sehemu iliyobaki imekatwa na mawe.

Kwa kawaida ufukwe haupotei siku moja. Kwanza huja ukoka, ukipandwa nje kidogo ya mpaka wa kiwanja, na nani atakataa majani mabichi? Kisha miti ya mapambo kwa mstari. Kisha ngazi za mawe, vitanda vya mbao na miamvuli. Mlinzi anaanza kuwasogeza watu kwa upole, halafu kibao kinaandikwa, halafu uchochoro uliokuwa kati ya viwanja viwili unafungwa geti kwa sababu za usalama. Hakuna hatua hata moja inayofanana na uporaji. Baada ya miaka kumi, kijana wa mtaa huo anakua akijua kwamba pale ni kwa watu.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya eneo, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa la asili, ukingo wa mto, bwawa na hifadhi ya maji. Isome vizuri. Inalinda udongo, maji na viumbe, na ni vyema inafanya hivyo. Haisemi neno juu ya mtu anayetaka kupita. Mwenye hoteli anaweza kuziheshimu mita 60 zote, asijenge hata tofali moja, akazijaza bustani na kuweka geti nyuma yake, na akajiona hana kosa.

Hapa watu wa Igunga wana jambo la kusema, kwa sababu mita hizo 60 zinatuhusu moja kwa moja. Zinahesabiwa kwenye kingo za mto wetu wa Manonga kama zinavyohesabiwa Mbezi Beach, na kwenye bwawa letu la Bulenya kama kwenye Ziwa Victoria, ambalo miaka ya karibuni maji yake yametufikia kwa bomba. Nchini kote wakulima wanaolima mboga kandokando ya mito wamekuwa wakiambiwa waondoke, wamevuka mpaka wa mita 60. Sipingi, mto uliolimwa hadi ukingoni hujaa mchanga, na sisi wa nyanda kame tunajua thamani ya mto. Ninachodai ni kipimo kimoja. Kama kamba inavutwa kwenye bustani ya nyanya na bamia ya mama anayesomesha watoto, ivutwe pia kwenye bustani ya ukoka iliyopandwa ili watu wasipite.

Majirani zetu Kenya wamekwenda mbali zaidi kwa maandishi. Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 62, inasema ardhi yote kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ni maneno mazito, na bado hayatoshi. Diani, kusini ya Mombasa, barabara kuu inapita nyuma ya hoteli, na kuufikia ufukwe huo wa umma lazima upite kwenye vijia kati ya viwanja. Kijia kikizibwa, katiba inabaki upande wa pili wa ukuta. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 kuhusu ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria ilionyesha namna ardhi ya aina hiyo ilivyotoka mikononi mwa wananchi kwa saini za maofisa.

Hoja yenyewe ni ya kale kuliko serikali zetu. Sheria za Kirumi zilizokusanywa na Kaisari Justinian mwaka 533 ziliihesabu bahari na ufukwe wake miongoni mwa vitu vya watu wote, pamoja na hewa na maji yatiririkayo. Jimbo la California, Marekani, lilitunga sheria ya pwani mwaka 1976 iliyoipa tume maalumu mamlaka ya kulinda njia za umma kwenda ufukweni, na mpaka leo matajiri wa huko wanafikishwa mahakamani kwa mageti na mawe waliyoyapanga. Wao wametambua kwamba ufukwe wa umma bila njia ya umma ni maneno tu.

Hata Coco Beach haikuwa salama. Kampuni ilidai haki juu ya eneo hilo, mvutano na manispaa ukafika mahakamani na kuchukua miaka, watu wakapiga kelele, na serikali ikasisitiza kuwa ufukwe ni wa wananchi. Ulinusurika kwa sababu ulikuwa na watu. Walikuwa wakiutumia kila wiki na waliona mapema kinachotaka kutokea. Kijia cha mita tatu kati ya kuta mbili hakina umati wa kukisemea.

Bagamoyo yenyewe bado ina sehemu iliyo wazi, pale soko la samaki jirani na jengo la zamani la forodha, ambako vyombo vinapakua na kila mtu anafika. Lakini mahoteli yamejipanga kando yake, na ardhi ya mwambao huo imekuwa ikiwindwa tangu mipango ya bandari mpya ya Mbegani ilipotangazwa. Viwanja vingi vitapimwa huko. Huu ndio wakati wa kudai barabara ipite mbele ya viwanja, upande wa bahari, kama Toure Drive. Na pale ambapo haiwezekani, vijia viandikwe kwenye mchoro wa mipango miji kwa upana unaojulikana, viwekewe alama, na hati ya kiwanja jirani itaje kwamba mwenyewe haruhusiwi kuvigusa.

Kazi hiyo haiwezi kuachiwa halmashauri za pwani peke yao. Diwani wa Kinondoni huchaguliwa na watu wa Kinondoni, na wa Bagamoyo na watu wa Bagamoyo. Mtu wa Igunga hana kura huko. Ana mbunge, na mbunge wake anaweza kusimama Dodoma amuulize waziri mwenye dhamana ya ardhi: tangu viwanja vya ufukweni vianze kupimwa, ni vijia vingapi vilichorwa kwenye ramani, na vingapi leo mtu anaweza kuvipita?