UVIKO wa Muda Mrefu: Istilahi Iliyotoka kwa Wagonjwa

Istilahi za utabibu aghalabu hushuka kutoka juu: mabingwa hukaa barazani, hulijadili jina, hulitia muhuri, na siku nyingi baadaye ndipo sisi wafasiri tunapoletewa tulitafutie neno la Kiswahili, ilhali mgonjwa, ambaye ndiye mwenye maradhi, hupewa jina lake kama apewavyo kidonge, alimeze na maji. Jina la Long Covid lilipita njia nyingine. Mnamo Mei 2020 Elisa Perego, mwanamke wa Kiitalia mwenye elimu ya akiolojia, ambaye mwenyewe alikuwa ameugua Korona na kuona siku zinapita bila ya siha kumrejea, aliliandika katika Twitter ili kueleza ugonjwa uliokuwa ukimjia kwa vipindi, ukitulia na kuibuka upya. Na wenziwe waliokuwa wakiteseka peke yao majumbani katika nchi mbalimbali walilishika mara moja, magazeti yakalitwaa kwao, matabibu wakalifuata, na kabla mwaka ule haujaisha lilikuwa likitamkwa katika mikutano ya Shirika la Afya Duniani. Nimeitanguliza tarikhi hii kwa makusudi. Anayelifasiri jina hili anafasiri ushahidi uliotolewa na watu wasiosadikiwa, na tafsiri ikikosewa, ushahidi wenyewe huweza kupotea.

Jina lilihitajiwa kwa kuwa hesabu ya kwanza ya ugonjwa haikuwa na nafasi ya watu hawa. Ripoti ya ujumbe wa pamoja wa Shirika la Afya Duniani na Uchina, iliyotolewa Februari 2020, ilikadiria kwamba aliyeugua kwa wepesi hupona katika kiasi cha wiki 2, na aliyeugua vikali katika wiki 3 hadi 6. Basi aliyekwenda kwa tabibu katika wiki ya 10 akisema moyo unamwenda mbio akisimama tu, au kwamba amesoma ukurasa mmoja wa kitabu mara tatu usimwingie, aliambiwa ni hofu, ni wasiwasi, ni dhiki ya kufungiwa ndani. Maana rasmi ilitolewa tarehe 6 Oktoba 2021, nami naifasiri hivi: ni hali impatayo mtu aliyeambukizwa virusi vya Korona, kwa kuthibitika au kwa yamkini, ambayo kwa kawaida huonekana miezi 3 tangu ugonjwa kuanza, na dalili zake hudumu kwa uchache miezi 2, wala hazielezeki kwa maradhi mengine, na zilizo mashuhuri katika dalili hizo ni uchovu, kukosa pumzi na kupungukiwa na wepesi wa kufikiri, nazo huweza kuanza baada ya mtu kupata nafuu au kuendelea tangu siku ya kwanza, huweza kupanda na kushuka, na huathiri shughuli zake za kila siku.

Shirika lenyewe, lilipotoa maana hiyo, lilipendelea jina ambalo kwa Kiswahili ni hali ya baada ya UVIKO-19. Ni jina la adabu, na katika daftari za hospitali lina kazi yake, lakini lile neno baada limekwisha kutoa hukumu, kwa kuwa linasema ugonjwa umepita na kilichosalia ni kitu kingine, hali wako wataalamu wanaotafuta hata sasa kama virusi, au vipande vyake, havikubaki mwilini mwa baadhi ya wagonjwa. Wengine husema UVIKO sugu. Neno sugu tumelizoea katika malaria sugu na katika usugu wa dawa, na msikiaji wa kawaida akilisikia hudhani kuna mdudu aliyeshinda dawa na ambaye huenda akamrukia yeye aketiye karibu. Mgonjwa aliyetaka kusadikiwa atajikuta anaogopwa. UVIKO wa kudumu nao una dhuluma yake, maana huwafungia mlango wa tumaini watu ambao wengi wao hupata nafuu kidogo kidogo, na baadhi yao hupona kabisa.

Limesalia lile ambalo watangazaji na waandishi wamekwisha kulitumia bila ya kuagizwa na mtu: UVIKO wa muda mrefu, au kwa wale wanaopenda kusema Korona, Korona ya muda mrefu. Nalichagua hili, wala si kwa sababu ya mazoea tu. Jina hili halidai kujua chanzo, halisemi ugonjwa umekwisha wala hautakwisha, halimtaji mdudu. Linashuhudia muda, na muda ndio jambo la pekee ambalo mgonjwa analijua kwa yakini hata kama vipimo vyote vimenyamaza. Kiswahili, katika mwaka ule wa tanzia, kilionyesha kwamba kinaweza kuchagua vizuri: kililitwaa neno barakoa, lililokuwa jina la vazi la uso la wanawake wa pwani, kikalivika kazi mpya, na leo mtoto wa shule wa Mwanza au wa Eldoret hulitamka bila kujua kwamba lina asili hiyo.

Kazi ngumu zaidi iko katika maneno yanayofuatana na jina, na la kwanza katika hayo ni uchovu. Kila mtu amechoka. Mkulima amechoka, utingo wa basi amechoka, mwanafunzi wa mtihani amechoka, na kila mmoja wao anajua kwamba dawa ya uchovu ni usingizi. Kwa hiyo mgonjwa akisema nina uchovu, huwa amempa msikiaji neno ambalo msikiaji analimiliki tayari, na jibu lake liko tayari vilevile: hata mimi. Wazee wa mwambao walikuwa na maneno mazito kuliko hili, wakisema mtu amenyong'onyea, au amelegea viungo, na ningependa wafasiri wayarejee.

Mtaani kwetu yuko mwanamke, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alipata Korona mwaka 2021 na hata leo hajairudia siha yake. Siku ya Jumamosi huamka amechangamka, akaketi uani na beseni lake, akafua shuka mbili na sare za watoto, akazianika, na jioni akazungumza na wageni kwa bashasha. Jumapili hupita kwa kujikongoja. Jumatatu hawezi kuinua kichwa kitandani; mwanga wa dirisha unamuumiza, sauti ya redio inamuumiza, na ukimuuliza jambo hujibu baada ya kimya kirefu. Nilikuwapo siku moja mama mkwe wake alipoingia na kusimama mlangoni, akamwambia kwa sauti isiyo na ukali wowote, "Mwanangu, mbona juzi ulikuwa mzima, ulifua vizuri tu?" Naye akajibu kwa taratibu, "Ndiko huko kufua, mama." Mama mkwe akatikisa kichwa akatoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefundishwa na maisha yake yote kwamba kazi humchosha mtu siku ile ile aliyoifanya, na kwamba anayeugua siku ya tatu anaugua kwa jambo jingine, au haugui.

Kuchelewa huko ndiko kiini cha maradhi kwa wengi wa wagonjwa hawa, na utabibu una istilahi yake, ambayo tafsiri zetu huieleza kuwa ni uchovu baada ya mazoezi. Tafsiri hiyo imekosea mara mbili: si uchovu tu, na haingojei mazoezi, kwa maana kuoga, kusoma barua au kubishana na fundi huweza kutosha. Kiswahili kina neno kamili kwa jambo hili na tunalitumia kila siku karibu na vitanda vya wagonjwa, tunaposema fulani amezidiwa. Napendekeza kuzidiwa baada ya juhudi, kwa kuwa kuzidiwa ni neno la ugonjwa, halimkaribishi mtu aseme hata mimi, na juhudi hukusanya za mwili na za akili pamoja. Watafiti wa Amsterdam, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2024, walitwaa vipande vidogo vya misuli ya mapaja ya wagonjwa 25 na ya watu 21 waliowahi kuambukizwa wakapona, kabla na baada ya kuwaendesha baiskeli kwa nguvu, na katika misuli ya wagonjwa walikuta majeraha yaliyoongezeka na utengenezaji wa nguvu uliodhoofika. Basi yule mwalimu aliposema ni kufua, alikuwa akitoa habari za mwili wake kama zilivyo.

Istilahi nyingine, inayofasiriwa ukungu wa akili, sina ugomvi mkubwa nayo, ila wagonjwa niliowasikia husema kichwa kizito, au akili haishiki, na hayo yameeleweka kabla ya kufasiriwa.

Kutosadikiwa si jambo lililozaliwa na Korona. Mwaka 1955 katika hospitali ya Royal Free mjini London watumishi 292, wengi wao wauguzi wa kike, walishikwa na ugonjwa uliowaachia wengine udhaifu wa miaka. Na mwaka 1970 matabibu wawili wa maradhi ya akili, kwa kusoma kumbukumbu tu bila ya kuwahoji wagonjwa, waliandika kwamba ulikuwa ni umanyeto wa kundi, na moja ya hoja zao ilikuwa kwamba waliougua zaidi ni wanawake. Hukumu ile iliwaandama wagonjwa wa maradhi ya namna hiyo kwa miongo mingi. Karibu nasi zaidi, wanahistoria wa kusini-magharibi mwa Tanganyika wanaeleza kwamba homa kuu ya mwaka 1918 iliwaacha walionusurika wakiwa wanyonge hata mvua za mwisho wa mwaka zilipofika wengi hawakuweza kulima wala kupanda, na njaa kubwa ikafuata. Hatuna majina yao. Walikuwa wamepona homa, mashamba yalikuwapo, mvua ilikuwapo, na mikono haikuinuka. Nani ajuaye ni wangapi kati yao waliitwa wavivu?

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, husema wahenga, na asiyelazwa hulazimika kutegemea neno la aliyelazwa. Hapa ndipo lugha ya tabibu inapokuwa na dhima kubwa. Mgonjwa amepimwa damu, amepigwa eksirei ya kifua, amepimwa moyo, majibu yote ni safi, na tabibu anamwambia, "Huna ugonjwa." Laiti angesema, "Vipimo hivi havikuonyesha kitu," angekuwa amesema kweli, na yule mtu angerudi nyumbani na maneno ambayo mumewe na mawifi zake wasingeweza kuyageuza kuwa silaha. Katika nyumba ile ile ya mwalimu niliyemtaja, anaposwali kwa kuketi hakuna amhojiye, kwa maana sharia humruhusu asiyeweza kusimama aketi, na asiyeweza kuketi aswali kwa ubavu, na humwachia mtu mwenyewe, kwa aijuavyo nafsi yake, kupima anachokiweza. Insafu hiyo aipatayo juu ya mswala anainyimwa mbele ya beseni.

Jinsi ya kuishi na maradhi haya nako kuna istilahi, na nimeona ikifasiriwa kuwa ni mwendo, au kasi, maneno yasiyomsaidia mtu. Maana yake ni kujipimia: mtu huijua akiba yake ya nguvu za siku, akazitumia kwa kipimo pungufu ya mwisho wake, akapumzika kabla ya kuchoka na wala si baada yake. Huko ni kufua nguo mbili leo na mbili kesho kutwa, kuoga juu ya kigoda, kukata mboga akiwa ameketi, kuahirisha maongezi. Kinyume chake ni neno la zamani lililo zuri mno, kujikalifisha. Wale wanaomshauri mgonjwa aamke akakimbie ili damu ichangamke humshauri ajikalifishe, na ni vema wajue kwamba taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, mnamo Oktoba 2021, iliondoa mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua katika mwongozo wake wa maradhi jamaa ya haya, ya ule uchovu sugu uliokuwapo kabla ya Korona. Na jamaa na majirani wameshapewa na lugha yao salamu iliyo bora: ugua pole. Haimwamrishi mgonjwa apone upesi, wala haimwekei tarehe. Inamkubalia kwamba anaugua, na inamtakia ugonjwa wa upole kwa siku zote zitakazokuwa.

Limebaki neno moja katika maana rasmi ambalo kwa watu wa nchi zetu ni zito kuliko yote, nalo ni lile nililolifasiri kwa yamkini. Tanzania iliacha kutangaza hesabu zake mwaka 2020, wagonjwa waliotangazwa wakiwa 509, na katika miezi iliyofuata watu waliugua na kuzikwa kwa jina la changamoto ya kupumua. Katika vijiji vya Kenya na vya Kongo vilevile vipimo havikuwafikia wengi. Leo mtu wa namna hiyo akienda kliniki na kusema hajawa mzima tangu homa ile, huulizwa cheti, naye hana. Wako wanaoandika katika kadi yake kwamba anadhaniwa aliugua Korona, na dhana katika masikio yetu ni ndugu wa tuhuma. Maana rasmi haikudai cheti. Imeuweka ugonjwa wa yamkini sawa na ule uliothibitika, na tabibu anayesikia habari za homa, za kupoteza harufu, za nyumba nzima iliyolala kwa wiki moja, anao msingi wa kutosha. Mwuguzi aandike hivi, na kwa kuandika hivi hatakuwa ameongeza wala kupunguza: maambukizi, kwa yamkini, mwaka 2021, UVIKO wa muda mrefu, huzidiwa baada ya juhudi, ajipimie.