Nani Hupewa Nafasi ya Kutulia?

Katika futiboli ya Kimarekani, kwotabeki ndiye mchezaji anayepokea mpira na kuamua uende wapi. Ana sekunde chache tu. Wapinzani wenye miili mikubwa humjia mbio ili wamwangushe, nao wenzake watano wa safu ya mbele hujitahidi kuwazuia. Yeye hutakiwa kutazama mbali, apuuze vishindo, arushe mpira kabla hajafikiwa. Kwa miongo mingi nafasi hiyo ilihesabiwa kuwa ya watu wenye akili na utulivu. Kwa hoja hiyohiyo, Wamarekani weusi walinyimwa.

Ushahidi uko wazi. Mwaka 1968 Marlin Briscoe alianza mechi akiwa kwotabeki wa Denver Broncos, akatoa pasi 14 za kufunga. Msimu uliofuata alikuwa Buffalo, akigeuzwa mpokeaji wa pasi. Mwaka 1978 Warren Moon hakuchaguliwa na timu yoyote ya ligi kuu, NFL. Akaenda Kanada, na akiwa Edmonton akatwaa ubingwa mara 5 mfululizo. Walionyimwa uzoefu ndio walioambiwa kwamba hawana uzoefu.

Ndipo ikafika tarehe 31 Januari 1988, mjini San Diego. Doug Williams, zao la chuo cha Grambling State, alikuwa kwotabeki mweusi wa kwanza kuanza fainali ya Super Bowl. Timu yake ya Washington ilikuwa imeachwa 10–0 na Denver alipoteleza akirudi nyuma ili arushe, goti likaumia, akatolewa. Robo ya pili alirejea. Katika robo hiyo moja Washington ilipata alama 35, na pasi 4 za kufunga zikatoka mkononi mwake. Mechi iliisha 42–10, naye akatajwa mchezaji bora.

Wengi huisimulia siku hiyo kama ushujaa wa mtu mmoja. Mimi naikubali nusu tu ya simulizi hiyo. Mbele ya Williams ilisimama safu ya walinzi iliyofundishwa na Joe Bugel, maarufu kwa jina la utani la “Nguruwe”. Kando yake Timmy Smith alikimbia na mpira yadi 204, hivyo Denver hawakuweza kumkimbilia Williams peke yake. Na kocha Joe Gibbs alimrudisha uwanjani baada ya kuumia. Moyo wake ulikuwa mkubwa, lakini moyo huo ulipata ngao, wasaidizi na nafasi ya pili.

Hilo ndilo funzo ninalowaachia wanafunzi wangu. Utulivu chini ya shinikizo tumezoea kuuita kipaji cha kuzaliwa, hali sehemu yake kubwa hutolewa na taasisi: humpa huyu ulinzi na muda wa kukosea, kisha humnyima yule na kumcheka anapoanguka.

Ilichukua miaka 35 tangu siku ile hadi Februari 2023, Patrick Mahomes na Jalen Hurts walipokutana katika fainali ya kwanza iliyoanzwa na makwotabeki wawili weusi. Basi, ndugu msomaji, utakaposikia ofisini kwamba kijana fulani, au mwanamke fulani, “hahimili shinikizo”, uliza kwanza: ni nani aliyewekwa mbele yake kumlinda?