Mfarishi wa Malkia Mfungwa

Katika kila parokia wako mama wanaojua kushona. Mpe mmoja wao kitambaa cha pamba, atakushonea kanzu kabla jua halijatua. Lakini mpe mahameli, utaona anatikisa kichwa. Mwaka mmoja sisi tulitaka bendera ya mahameli kwa ajili ya mwandamano wa Ekaristi. Fundi wetu alipima vizuri, akakata vizuri, akashona bila haraka. Alipomaliza, upande mmoja ulizidi mwenzake kwa vidole viwili. Akacheka kwa uchungu, akasema: "Kitambaa hiki kinatembea."

Alisema kweli. Mahameli ina manyoya mafupi yaliyosimama. Ukiweka kipande juu ya kipande, manyoya yanasukumana, na kitambaa cha juu kinateleza chini ya sindano. Hariri nayo ina shida yake: nyuzi zinafumuka pale ulipokata, na tundu la sindano halifungiki tena. Basi leo nataka kuwaeleza habari za mfarishi mmoja, yaani blanketi la vipande vilivyoungwa, ulioshonwa kwa hariri na mahameli. Aliyeushona alikuwa malkia, na alianza kuushona akiwa mfungwa katika jumba lake mwenyewe.

Malkia huyo ni Liliuokalani wa Hawaii. Hawaii ni visiwa vilivyo katikati ya bahari ya Pasifiki. Watu wake wa kale hawakuwa na ufumaji wa nguo kama wa Ulaya. Walichukua ganda la mti, wakaliloweka, wakalipiga kwa nyundo ya mti mpaka likawa jembamba na laini. Nguo hiyo waliiita kapa. Sisi tulio Kongo hatuoni ajabu, maana wazee wetu wa Ituri, na jirani zetu Waganda, nao walipiga maganda ya miti wakayavaa. Kwa kulalia, watu wa Hawaii waliweka kapa kadhaa, moja juu ya nyingine, wakazishona pamoja upande mmoja. Kwa hiyo hata kabla ya wageni kufika, walijua kuunganisha nguo za kujifunika usiku.

Mwaka 1820 wakaja wamisionari Waprotestanti kutoka Marekani, kwa merikebu iitwayo Thaddeus. Tarehe 3 Aprili, kabla ya kuhamia nchi kavu, wake zao walikaa juu ya merikebu pamoja na wanawake wanne wa ukoo wa wakubwa wa Hawaii. Wakawapa sindano, uzi na vipande vya kitambaa, wakawaonyesha namna ya kuviunga. Mmoja wa wamisionari hao wanawake, Bibi Lucy Thurston, aliandika habari za siku ile. Tulikumbuke jina hilo, Thurston. Tutalikuta tena.

Wanawake wa Hawaii waliipenda kazi ile, wakaifanya kuwa yao. Hawakubaki na mifano ya wageni tu. Walikunja kitambaa, wakakata umbo moja kubwa la majani au maua, wakalishona juu ya kitambaa cha rangi nyingine. Mpaka leo mifarishi ya Hawaii inajulikana kwa kazi hiyo.

Liliuokalani alizaliwa Honolulu tarehe 2 Septemba 1838. Alisomeshwa katika shule ya watoto wa wakubwa, akajua Kiingereza na muziki, akatunga nyimbo nyingi. Sisi Wakatoliki tunayo sababu ya pekee ya kumkumbuka. Mwaka 1881, kaka yake Mfalme Kalakaua alipokuwa safarini kuzunguka dunia, yeye alibaki kutawala mahali pake. Ndipo alipokwenda Molokai, kwenye makao ya wagonjwa wa ukoma, alipokuwa akiwatumikia Padri Damiano, Mbelgiji wa kijiji cha Tremelo. Alirudi na huzuni kubwa moyoni, akampa Padri Damiano nishani ya heshima ya ufalme. Liliuokalani hakuwa Mkatoliki. Lakini alijua kutambua kazi ya upendo alipoiona. Padri huyo alikufa kwa ukoma mwaka 1889, na tarehe 11 Oktoba 2009 Papa Benedikto wa 16 alimtangaza kuwa Mtakatifu.

Mfalme Kalakaua alikufa Januari 1891, na dada yake akatawazwa malkia. Ufalme aliourithi ulikuwa umekwisha kudhoofishwa. Mashamba makubwa ya miwa yalikuwa mikononi mwa wageni na watoto wa wageni, na mwaka 1887 watu hao walikuwa wamemlazimisha kaka yake, kwa vitisho vya bunduki, kutia sahihi katiba iliyomnyang'anya nguvu zake. Liliuokalani akataka kuleta katiba mpya. Basi wale watu wakafanya shauri la kumwondoa. Tarehe 16 Januari 1893 askari wa manowari ya Marekani walishuka Honolulu na silaha. Kesho yake malkia akaondolewa. Hakuita watu wake wapigane. Aliandika kwamba anaacha madaraka kwa kulazimishwa na nguvu za Marekani, ili damu isimwagike, mpaka serikali ya Marekani yenyewe itakapotazama haki na kumrudisha.

Mmoja wa viongozi wa njama ile aliitwa Lorrin Thurston. Alikuwa mjukuu wa Bibi Lucy Thurston, yule wa sindano juu ya merikebu. Hapo tukae kidogo tufikiri. Bibi alikuja na uzi wa kuunganisha, mjukuu akararua ufalme. Tusiseme kwamba kazi ya bibi ilikuwa mbaya kwa sababu ya mjukuu. Lakini tusifiche jambo hili pia, maana wengine walioleta neno la Mungu katika nchi za watu waliacha nyuma yao uzao uliotamani ardhi ya watu hao.

Mwaka 1894 wale watu wakatangaza jamhuri yao. Januari 1895 wafuasi wa malkia wakajaribu kuurudisha ufalme kwa silaha, wakashindwa baada ya siku chache. Tarehe 16 mwezi ule malkia akakamatwa, akafungwa ghorofani katika chumba cha kona cha jumba la Iolani, jumba ambalo kaka yake alilijenga. Wakamletea karatasi ya kukana ufalme. Akatia sahihi tarehe 24 Januari, kwa sababu, kama alivyoeleza baadaye, aliogopa wafuasi wake wasije wakauawa. Tena walimtaka atie sahihi kwa jina la "Liliuokalani Dominis", yaani jina la mume wake likiungwa na lake, jina ambalo alisema hakulitumia kamwe. Mwezi Februari akahukumiwa na baraza la askari katika chumba kile kile cha kiti chake cha enzi. Walisema alijua habari za maasi, asizitoe. Hukumu ilikuwa miaka mitano ya kazi ngumu na faini ya dola 5,000. Kazi ngumu hawakumtia, ila walimwacha chumbani, na mlinzi akitembea nje.

Magazeti yalikatazwa. Watu waliompenda walimletea maua kutoka bustani, wakiyafunga katika karatasi za magazeti, naye akasoma karatasi zile. Mama mmoja, Eveline Wilson, alikubali kwa hiari yake kukaa naye kifungoni. Wawili hao ndio walioanza mfarishi.

Namna ya mfarishi ule ilipendwa sana Marekani siku zile. Waliuita kwa jina lenye maana ya "mfarishi wa kichaa", kwa kuwa vipande havina mpango: hiki cha pembe tatu, hiki kirefu, hiki kama jani lililokatika. Desturi ilikuwa kutumia mabaki ya magauni ya hariri na mahameli, tepe za kofia, na tai za wanaume. Vipande vidogo hivi ni vigumu kuliko bendera yetu ya mwandamano, kwa sababu kila kimoja kina unene wake na mteremko wake. Hariri iliyo karibu na mahameli huvutwa, ikafanya mikunjo.

Dawa yake ni hii. Washonaji hawaungi kipande na kipande peke yake. Kwanza wanatandika chini kitambaa cha pamba kisichoteleza. Juu yake wanapanga vipande, kingo zikikunjwa ndani, na kuvishikiza kwa pini nyembamba au kwa mshono mpana wa muda. Kisha juu ya kila kiungo wanatarizi kwa uzi wa hariri: mshono wa manyoya ya ndege, mshono wa mifupa ya samaki. Tarizi hiyo ni pambo, lakini ni kufuli pia. Inakwenda mpaka kwenye pamba ya chini na kukizuia kitambaa kisitembee. Pasi ya moto haiwekwi juu ya mahameli, maana manyoya yakilala hayasimami tena. Ni kazi ya mkono, ya mwanga mzuri, na ya siku nyingi. Mfungwa alikuwa nazo siku nyingi.

Mfarishi wa malkia una miraba mikubwa tisa. Juu yake zimetariziwa bendera za Hawaii, majina ya watu na habari za wakati ule. Katikati yameandikwa kwa uzi mambo ya kifungo: kwamba alifungwa Iolani, jina la mama Wilson mwenzake, tarehe ya kuachiliwa, yaani 6 Septemba 1895, na kwamba waliuanza pale pale. Tazameni: tarehe ya kuachiliwa haiwezi kushonwa kabla ya kuachiliwa. Kumbe alipotoka hakuutupa mfarishi kama kitu cha aibu. Kazi iliendelea.

Kwa nini nawaambia habari hizi? Kwa sababu ya karatasi na kitambaa. Karatasi ya kukana ufalme iliandikwa na washindi, na hata jina la kutia sahihi walilichagua wao. Hukumu pia ni maneno yao. Lakini kitambaa aliandika mwenyewe. Hakuna aliyemshika mkono. Kama chumbani mwake kungekuwa na daftari lenye maneno makali, labda lingechukuliwa. Mwanamke anayeshona hatiliwi shaka na mlinzi.

Katika chumba kile alitunga pia wimbo wa sala, mwezi Machi 1895, ambamo anamwomba Mungu awasamehe watu waliomfunga. Sindano ile ile iliyoshona tarehe ya kifungo ilikuwa mkononi mwa mtu anayeomba msamaha kwa wafungaji. Wengine hudhani kusamehe ni kusahau. Malkia huyu alisamehe, na akaandika tarehe.

Ufalme haukurudi. Mwaka 1897 watu wa Hawaii zaidi ya 21,000 walitia majina yao katika barua za kukataa nchi yao isichukuliwe na Marekani, lakini mwaka 1898 ikachukuliwa. Liliuokalani alikufa tarehe 11 Novemba 1917. Tarehe 23 Novemba 1993, yaani baada ya miaka mia moja na zaidi tangu kuondolewa kwake, serikali ya Marekani ilitia sahihi tamko la kuwaomba msamaha watu wa Hawaii kwa tendo lile. Nchi hawakurudishiwa. Lakini neno ambalo malkia alikuwa amelishona, kwamba alidhulumiwa, likakubaliwa mbele ya dunia.

Hariri ya miaka ile ina ugonjwa wake. Viwanda viliitia madini ili iwe nzito, na madini hayo huikausha mpaka inakatika yenyewe. Ndiyo sababu mifarishi ya namna hii hutunzwa mbali na jua na mbali na mikono ya watu. Hariri inakufa, ila uzi wa tarizi na pamba ya chini mara nyingi hubaki, vikishika vilivyobaki.

Mama zetu wanaoshona nguo za altare hawaandiki majina yao popote. Siku moja muulizeni mmoja wao alianza lini, nani alimfundisha, na mambo gani yalipita kijijini alipokuwa akishona. Kisha yaandikeni, hata kama ni kwa uzi.