Kazi ya simu na laptopu nyumbani: mama mwenye mtoto mchanga afanyeje?

Kama unanyonyesha huku unajibu ujumbe wa kazini, makala hii ni yako. Ni yako pia wewe bibi, shangazi au yaya unayembeba mtoto wakati mama yake yuko kwenye simu.

Kazi iliingiaje ndani?

Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofika Tanzania Machi 2020, skuli zilifungwa na ndege za watalii zikasimama. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 538,000. Mwaka 2020 hawakufika hata nusu ya hao. Wapishi, wapokea wageni na wasafishaji wa vyumba wakarudi majumbani. Wanawake wengi wakaanza kuuza kwa simu: keki, udi, vitambaa, nguo za watoto. Waliobaki na ajira za ofisini wakajifunza kufanya mikutano kwa kompyuta, mlango ukiwa umefungwa na watoto wakigonga.

Wageni waliporudi, wengine walikuja na laptopu zao na kufanyia kazi huku huku. Paje na Jambiani, ofisi za pamoja, ambapo mtu hulipia kiti, meza na intaneti kwa siku au kwa mwezi, zikawa jambo la kawaida. Mwaka 2022 serikali ikatangaza mpango wa Silicon Zanzibar wa kuzivuta kampuni za teknolojia, Fumba ikiwa kituo chake. Kwa mama, mabadiliko haya yana faida kubwa: anaweza kuwa karibu na mtoto na bado akapata kipato. Lakini yana tatizo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha.

Arubaini na simu

Kwa desturi yetu, mzazi hukaa ndani siku arubaini. Hupikiwa, hukandwa, hulala mtoto akilala. Zamani ilikuwa rahisi kuilinda arubaini kwa sababu kazi ilikuwa nje ya nyumba. Sasa kazi inalala chini ya mto. Jamaa wanamwona mama amelala kitandani, kumbe anapokea oda au anamalizia ripoti, na hakuna anayemwambia apumzike kwa sababu hakuna anayejua kwamba anafanya kazi.

Mwili baada ya kujifungua bado unapona. Kukaa kitako kwa saa nyingi kunaumiza mgongo na kunachelewesha damu kuzunguka miguuni. Wiki sita za kwanza ndizo zenye hatari kubwa ya damu kuganda kwenye mishipa. Kwa hiyo inuka, tembea ndani ya nyumba na unywe maji ya kutosha.

Ukiwa umeajiriwa, Sheria ya Ajira ya Zanzibar Namba 11 ya 2005 inakupa haki ya likizo ya uzazi. Kuambiwa “fanyia nyumbani tu” si likizo. Ukiwa unajiuzia mwenyewe, waandikie wateja tarehe ya kurudi, kisha mpe simu ya biashara dada au wifi yako. Wateja wengi watasubiri. Nao wamezaliwa na mama.

Kunyonyesha wakati wa kazi

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Mkutano wa saa tatu bila kunyonyesha hujaza matiti, na maziwa yakikaa ziwa linaweza kuvimba na kuuma. Mnyonyeshe kabla ya mkutano, na sema mapema kwamba utatoka katikati. Huna haja ya kuomba radhi.

Ukikamua, nawa mikono kwa sabuni na tumia kikombe safi chenye kifuniko. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa hadi saa 4 mahali penye joto lisilozidi nyuzi 25. Unguja wakati wa kaskazi joto la chumbani hupita hapo, basi usiyaache mezani. Yaweke kwenye friji, ambamo hukaa hadi siku 4. Umeme ukikatika kwa muda mrefu na friji ikapoteza ubaridi, usihesabu siku nne hizo tena. Usiyachemshe: chovya kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto kiasi, kisha mnyweshe mtoto kwa kikombe kidogo. Hadi miezi 6 maziwa ya mama yanamtosha, bila hata maji.

Ofisi ya pamoja au nyumbani?

Nyumba za zamani za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa, ambazo hudhoofisha mtandao, ndiyo maana utawaona watu wamekaa barazani na simu zao. Lakini dari zake ndefu, madirisha makubwa na ua wa ndani hupitisha hewa vizuri. UVIKO-19 na mafua huenea zaidi katika chumba kilichofungwa, chenye kiyoyozi na watu wengi. Ukienda ofisi ya pamoja na mtoto, chagua meza karibu na dirisha lililo wazi, na uliza kama kuna chumba cha faragha cha kunyonyeshea. Choo si mahali pa kukamulia maziwa.

Ukiugua mafua au UVIKO-19, endelea kunyonyesha. Vaa barakoa na nawa mikono kabla ya kumgusa mtoto.

Hata ukifanyia kazi nyumbani, lazima awepo mtu mwingine wa kumshika mtoto. Huyu ni muhimu kuliko meza na bando. Mtoto anayetambaa hufikia waya wa chaji, kikombe cha chai na zile betri ndogo za duara. Akimeza betri, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anaonekana mzima.

Wakati gani uende kituo cha afya?

Nenda mara moja ukipata homa, damu nyingi, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, au ziwa jekundu lenye joto pamoja na homa. Ziwa hilo liendelee kunyonywa.

Huzuni nayo ni sababu ya kwenda. Kulia siku chache baada ya kujifungua ni kawaida. Ikipita wiki mbili, au huna hamu na mtoto, mwambie muuguzi wa kliniki au mhudumu wa afya wa shehia yako. Wengi hunyamaza wakiogopa kupelekwa Kidongo Chekundu. Mazungumzo huanzia kituo cha karibu, na mara nyingi huishia hapo. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usibaki peke yako: mkabidhi mtoto kwa mtu unayemwamini na uende hospitali siku hiyo hiyo, iwe usiku au mchana.